Siku Kaka Elia Alipouacha Mpira

Sisi tuliokulia Jadida, pale Wete, wakati simu ya mkononi ikiwa bado kitu cha kuonyeshana, tulikuwa tukiamshwa na harufu. Msimu wa karafuu harufu ilikuwa moja tu. Majamvi yalitandikwa mbele ya kila nyumba, na ole wako mguu wako uguse jamvi la mtu ukiwa mbioni. Msimu ukipita zilirudi harufu nyingine: moshi wa makumbi ya nazi, shelisheli la kuchoma, mandazi ya nazi ya Bi Mize, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Shokishoki tulizila mpaka ndimi zikawasha, kisha tukazila tena kesho yake. Skuli tulikwenda kila mtu na fagio lake la chelewa, na mwalimu wa zamu alikagua kucha kabla ya kukagua daftari.

Alasiri wenzetu walikwenda chuoni kusoma Kurani. Mimi na kaka yangu Elia, watoto wa Kikristo, tulibaki kibarazani tukiwasubiri kama watu waliokosa gari. Wakitoka tu, mtaa ulifufuka. Wasichana tulicheza nage na mdako mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi. Wavulana walicheza chandimu kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya mgomba, ambao mvua ikinyesha ulikuwa mzito kama nazi, na aliyeupiga kwa kichwa aliliona jua mara mbili. Vijana wa leo wana viatu vya rangi ya chungwa na soksi za kufika gotini, na kabla mpira haujaanza wameshajipiga picha za kutosha kujaza albamu ya harusi. Sisi mchezaji aliyekuwa na kiatu kimoja alimwazima mwenzake akapige penalti.

Jua likishuka, kina mama walitoa vichwa milangoni. Mama yeyote aliweza kukuita, na mama yeyote aliweza kukuchapa. Ukifika kwenu ukasema umechapwa na Bi fulani, unaulizwa ulifanya nini, kisha unaongezwa.

Lakini sisi, mimi na Elia, kwa muda mrefu hatukuchapwa na mtu.

Baba yetu alitoka Njombe. Alihamishiwa Wete kuwa karani wa posta, akaja na Mama na Elia akiwa mtoto wa mgongoni. Mimi nilizaliwa hapo hapo. Watu walimwita Baba "Bwana Posta", na hakuna aliyetufanyia ubaya hata siku moja. Ramadhani sahani za futari zilivuka uani kwetu mwezi mzima, vipopoo na tambi na muhogo wa nazi, na Krismasi Mama naye alivusha pilau. Lakini ipo heshima anayopewa jirani na ipo heshima anayopewa mgeni, na sisi tulipewa hii ya pili. Tukiingia nyumba ya mtu, viti vilipanguswa. Mama akifika bombani, wanawake walimpisha ajaze ndoo yake kwanza. Na waliokuwa wakizungumza walinyamaza kidogo, wakakiweka kando Kipemba chao, wakatusemesha Kiswahili cha redioni. Baba alikuwa akisema watu wa hapa wana adabu sana. Akishasema hivyo alinyamaza, nami hata utotoni nilijua haikuwa sifa peke yake.

Mguu wa kushoto wa kaka yangu ndio uliobadilisha mambo.

Mtaa ulikuwa na timu ya vijana iliyoitwa Siafu. Kocha wake alikuwa Maalim Faki, mwalimu wa skuli ya msingi, mtu mrefu mwembamba aliyekuja uwanjani na baiskeli na kuondoka nayo akiikokota, kwa sababu mipira yote aliipakia juu yake. Siku moja mshambuliaji wake alipatwa na homa. Maalim Faki akatazama watazamaji, akamwona Elia, wakati huo hajafika hata miaka kumi na minne, akamwita aingie ajaze nafasi. Elia aliingia pekupeku. Mpira wa kwanza uliomfikia aliupiga kwa mguu wa shoto kutoka mbali, na kipa akabaki ameinua mikono kama anayeomba dua.

Nakumbuka kelele zile. Na namkumbuka mzee mmoja akikimbia kuingia uwanjani, kanzu ameikunja mkononi, akavua kofia yake akamvika Elia. Huyo alikuwa Mzee Kombo, mpika halua. Kiwanda chake kilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba yake, na halua yake ilibebwa katika vikapu vya ukindu mpaka Unguja na Dar es Salaam. Wiki nzima alikuwa mtu mkali asiye na maneno. Uwanjani alikuwa mwendawazimu. Siafu wakifungwa, watu waliogopa kwenda kununua halua mpaka hasira zake zipoe.

Tangu siku ile Elia akawa "Shoto", na Baba hakuitwa tena Bwana Posta. Akawa Baba Elia. Sokoni muuza samaki alimpigia kelele kutoka mbali: "Baba Elia, changu huyu wako, nshamuweka!" Mama naye siku moja alirudi kutoka bombani amechelewa, kanga imelowa, anatabasamu peke yake. Tulipomuuliza ana nini, alisema, "Leo wamenigombeza. Wameniambia, Mama Elia, shika foleni, hapa hakuna mkubwa." Alilisimulia jambo hilo wiki nzima kama mtu aliyeokota pete.

Miaka ikaenda hivyo. Elia akafika kumi na sita, na Siafu wakaingia fainali ya mashindano ya mitaa na vijiji ya sikukuu ya Idi el-Haji. Wapinzani walikuwa Konde. Konde walikuwa wametutesa vya kutosha, mpaka watoto wao walikuwa na wimbo wa kutuimbia. Mtaa mzima ulikuwa hauna habari nyingine. Mechi ilikuwa Jumamosi.

Jumapili ya kabla yake tulirudi kanisani tukakaa mkekani kula wali na kuku. Elia alikuwa na tonge mkononi. Hakulitia kinywani.

"Baba," alisema, "mimi mpira naacha."

Baba alicheka. Alidhani ni utani wa kabla ya mechi. "Unaacha nini?"

"Mpira. Siafu. Jumamosi sitacheza."

Kijiko cha Mama kilianguka kwenye sinia, nikakisikia kikizunguka mpaka kikatulia.

"Umeumia?" Baba aliuliza.

"Hapana."

"Umegombana na Maalim Faki?"

"Hapana, Baba. Hakuna aliyenikosea."

"Sasa una nini, mwanangu?"

Elia aliliweka tonge lake sahanini, taratibu. "Nataka kujifunza kupika halua."

Baba alimtazama. Akamtazama Mama, akanitazama mimi, kama kwamba mmoja wetu angemtafsiria. "Halua," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, "Halua hii ya kula?"

Ukuta wa uani kati yetu na Bi Mize ulikuwa wa makuti. Kabla Elia hajajibu, tulisikia upande wa pili sufuria ikiwekwa chini kwa kishindo na sauti ya Bi Mize ikipanda: "Yarabi! Mwana kaacha mpira!"

Basi ikawa imekwisha. Kabla ya adhana ya alasiri habari ilikuwa imeshashuka mpaka bandarini na kurudi. Watu walianza kuingia kibarazani kwetu kama nyumba yenye msiba. Wengine walivua viatu, wakakaa, wakatikisa vichwa. Bi Mize alikuja na buli la chai bila kuombwa, maana alijua Mama asingekuwa na nguvu za kuwasha moto. Maalim Faki alifika na baiskeli yake, uso umemsinyaa. Nyuma yake akaja Mzee Kombo, mikono bado ina unga wa wanga, akipaza sauti tangu njiani.

"Nani kamroga mwana huyu? Nani kamtia maneno? Ni watu wa Konde hao! Nitajieni jina lake, nitajieni sasa hivi!"

Elia alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Alisema kwa adabu, "Shikamoo, Mzee Kombo. Ni wewe."

Kibaraza kizima kiligeuka.

"Miye?" Mzee Kombo alijishika kifua. "Miye nimefanyani?"

"Nataka unifundishe halua. Ndiyo ninayoachia mpira."

Nimeshaona watu wakishtuka katika maisha yangu, kwa mema na kwa mabaya, lakini sijaona mtu akishtuka kama Mzee Kombo. Kinywa kilifunguka kikabaki wazi. Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya kinu cha Mama kilichokuwa kimelazwa pale.

"Weye," alisema, "kila siku ukitoka mazoezini waja bandani kwangu."

"Ndiyo, mzee."

"Nikadhani waja kula ukoko!"

"Naja kutazama."

"Miezi yote hino, watazama nini?"

"Nakutazama ukikoroga."

Mzee Kombo alimgeukia Baba kama mtu anayeomba msaada. "Baba Elia, wallahi sijui kitu. Miye ningemfukuza zamani!" Kisha hasira zikamrudia, akasimama, akamwelekezea Elia kidole. "Nsikilize. Siafu haina shoto nyengine. Jiko langu halina haja ya mtu. Cheza Jumamosi, uwafunge Konde, halafu uje tuzungumze. La si hivyo, bandani kwangu usitie mguu."

Watu wote walipumua. Ilionekana ufumbuzi umepatikana, na mzuri: mechi moja tu, kisha kila mtu apate chake. Maalim Faki alitabasamu kwa mara ya kwanza. Baba naye nikaona mabega yake yanashuka.

Elia alisema, "Nitafikiri, mzee," na akaingia ndani.

Kesho yake nilimkuta uani anafua jezi yake. Ilikuwa nyekundu ilipokuwa mpya, wakati huo ilishakuwa ya waridi, na namba ya mgongoni ilikatwa kwenye shuka la hospitali gani sijui. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kaka yangu alikuwa ndiye mtu mkubwa kuliko wote duniani. Nilimwambia acheze tu hiyo moja. Kuna ugumu gani?

Aliendelea kusugua. "Neema, unajua nikiwa uwanjani nafikiria nini?"

"Kufunga."

"Nafikiria kipenga cha mwisho. Tangu mechi inaanza nasikiliza kipenga cha mwisho."

"Hata ukifunga?"

"Nikifunga ndiyo mbaya zaidi. Wananibeba juu juu, wanaimba, na mimi nawaangalia kutoka kule juu kama wamembeba mtu mwingine. Namwonea haya huyo mtu."

Mechi zote zile nilizopiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, magoli yote niliyoyasimulia darasani kama niliyafunga mimi! Nilihisi kama nimeambiwa kwamba Elia niliyekuwa nikimjua alihama zamani na hatukuagana.

"Na halua?" niliuliza.

Hapo uso wake ulibadilika. Aliacha kufua, mikono ikining'inia na povu. "Pale unaanza na maji na sukari na wanga. Ukivitazama, havina udugu. Unakoroga mpaka mkono unakufa. Halafu samli inaingia kidogo kidogo, na iliki, na panafika wakati, hujui ni upi, yote inaachia sufuria na kuufuata mwiko kama kitu kimoja. Mzee Kombo anaujua huo wakati kabla haujafika. Nataka niujue kama yeye."

"Basi cheza hiyo moja, akuchukue."

"Nikicheza hiyo kutakuwa na nyingine," alisema. "Nikifunga hawataniacha, na mimi mwenyewe nitaogopa kuwaacha."

Jioni ile Baba hakwenda kibarazani kupunga upepo. Alikaa chumbani na Mama, na nyumba zetu zile hazikuwa na siri. Nilimsikia akisema kwamba mtoto ana haki yake, yeye anajua, lakini ni nani aliyetufungulia mji huu? Kesho asubuhi atapita sokoni kama nani? "Tutarudi kuwa watu wa posta," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu ninayemhurumia, na sikuwahi kumhurumia Baba kabla ya hapo.

Mama akasema, "Hebu niambie. Jana watu walijaa hapa, wamekasirika, wanapiga kelele. Yule Kombo amemnyooshea mwanao kidole nyumbani kwako, mbele yako. Miaka ile ya mwanzo, yupo aliyewahi kuja kugomba humu ndani?"

Kitanda kililia, Baba amegeuka.

"Walikuwa wanapangusa viti," Mama alisema. "Jana yupi aliyepangusa kiti?"

Asubuhi Baba alimwita Elia. Hakumketisha, wala hakutoa hotuba. "Kucheza au kutocheza ni juu yako," alimwambia. "Lakini ukiacha, jezi ya watu hutaituma kwa mdogo wako. Utaipeleka wewe, mkononi kwa Maalim Faki, na utamwambia kwa kinywa chako."

Elia aliikunja ile jezi, akaipeleka. Nilimfuata kwa mbali. Maalim Faki alikuwa anaziba pancha mbele ya nyumba yake. Waliongea kidogo, sikusikia maneno, lakini niliona Maalim Faki akiipokea jezi kwa mikono miwili, akaitazama, akaingia nayo ndani bila kuaga.

Ikafika Jumamosi. Konde walikuja na magari yao ya abiria yamepambwa kwa makuti na vitambaa, ngoma juu, wanatuimbia ule wimbo wao. Uwanja ulijaa mpaka watu wakasimama ndani ya mistari ya chaki. Nilidhani Elia atajificha nyumbani. Watu wote walidhani hivyo. Alivaa shati lake la kanisani akatoka, akaenda kusimama pembeni ya uwanja katikati ya watu, mahali ambapo hata kipofu angemwona.

Maneno aliyoambiwa pale siwezi kuyaandika yote. "Msaliti" lilikuwa la heshima. "Kapewa nini na Konde?" Kuna bibi mmoja, mtu mzima, alimrushia ganda la chungwa. Elia alibaki amesimama.

Konde walitangulia kufunga, wakaongeza. Wakati wa mapumziko Maalim Faki aliuvuka uwanja mzima, peke yake, watu wakimtazama. Mkononi alikuwa na ile jezi. Alifika mbele ya Elia akaikunjua, akamnyooshea.

"Elia," alisema. Hakumwita Shoto. "Mwanangu, nakuomba."

Hata ngoma za Konde zilinyamaza. Maalim Faki ndiye aliyempa kiatu chake cha kwanza. Ndiye aliyekuwa akisubiri tumalize ibada Jumapili, akikaa nje ya kanisa juu ya baiskeli, ili Elia awahi mazoezini. Mkono wa Elia uliinuka. Wallahi uliinuka, tuliuona sote, na watu walianza kushangilia.

Aliushika mkono wa Maalim Faki, ule uliokuwa na jezi, akaurudisha taratibu kifuani kwa mwenyewe.

"Nisamehe, Maalim," alisema. "Siwezi."

Sauti iliyotoka kwenye uwanja ule sijaisikia tena. Si kelele, ilikuwa kama watu wote wamemwagiwa maji baridi kwa pamoja. Maalim Faki aligeuka akarudi. Na hapo nilimwona Baba, aliyekuwa amekaa upande wa pili na wenzake wa posta, akinyanyuka. Alipita nyuma ya goli mbele ya macho ya watu wote, akaja akasimama kando ya mwanawe. Hakumshika, hakumsemesha. Walitazama kipindi cha pili chote wakiwa wamesimama hivyo, bega kwa bega, na Konde wakatufunga la tatu.

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu. Muuza samaki alimwambia Baba, "Baba Elia, mwanao katutia msibani, changu leo hakuna," na changu walikuwa wamejaa mezani. Bombani Mama aligombezwa mpaka akachoka, naye akagomba vilevile, na nasikia siku hiyo aligomba kwa Kipemba kitupu.

Kisha Mzee Kombo akaja. Sauti ilikuwa bado imekauka kwa kelele za Jumamosi. Hakukubali kukaa.

"Yuwapi?" aliuliza. Elia akatoka. Mzee alimtazama juu mpaka chini. "Hasira zangu hazijesha. Zitakwisha siku ntakayotaka miye. Lakini mtu aliyesimama pale katukanwa na mji mzima asikimbie, moto wangu hautamkimbiza. Kesho baada ya skuli. Na pale hapana mapumziko ya nusu."

Kwa miezi ya mwanzo Elia hakuruhusiwa kugusa mwiko. Alipasua kuni, alitwanga iliki, alisuuza lile sufuria la shaba mpaka likawa kioo. Akirudi nyumbani ananuka samli, na paka wa mtaa mzima wanamfuata. Alipopewa mwiko, viganja vilitoka malengelenge, na nilipomtania kwamba mpira haukumuumiza hivyo, alicheka. Ndipo nilipogundua kwamba kaka yangu alikuwa na kicheko cha kelele, cha kutupa kichwa nyuma. Nilikuwa sijakisikia.

Idi iliyofuata halua iliyotembezwa Jadida ilikuwa ameikoroga yeye. Mzee Kombo hakumwambia mtu, alisubiri wale kwanza. Maalim Faki alionja kipande, akakitafuna muda mrefu, akamtazama Elia. "Tamu," alisema. "Lakini tungewafunga Konde." Maneno hayo aliyarudia kila Idi mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, na kila Idi alibeba kikapu kizima.

Leo Elia ana banda lake mwenyewe, ana mke na watoto, na nywele zimeanza kuingia mvi. Mpaka sasa wapo wazee wakimwona njiani husimama kumweleza angefika wapi kama asingeuacha mpira. Anawasikiliza mpaka mwisho.

Nami nimeolewa hapa hapa Wete, nina binti yangu Tumaini wa miaka kumi na mitano. Wasichana siku hizi wana timu za mpira, jambo ambalo enzi zetu lingewafanya kina bibi wazimie, na Tumaini alikuwa winga wao, mbio zake hazishikiki. Mwezi uliopita alikuwa amejilaza kwenye kochi, macho kwenye simu, akaniambia bila kuinua kichwa, "Mama, mpira nimeacha. Nataka kuchora katuni."

Nilikaa. Niliogopa, niseme kweli. Si kwa katuni; achore, anachora vizuri. Nilimuuliza kama amemwambia kocha.

"Nimetoka kwenye grupu."

"Nauliza umemwambia kocha?"

"Ndiyo hivyo, Mama. Nimeandika nimeacha, halafu nikatoka."

"Naye kasemaje?"

"Kaweka dole gumba."

Nikadhani kuna zaidi. Jumamosi niliamka mapema, nikafagia kibaraza, nikapika mkate wa kumimina, nikachemsha chai ya tangawizi birika zima. Kocha anakaa mtaa wa pili. Wachezaji wenzake nawajua kwa majina, mama zao tunasalimiana kila siku. Nilijiandaa kabisa maneno ya kumtetea mwanangu, nikayapanga kichwani, makali na ya adabu. Wapita njia walipita. Walinisalimia vizuri, nikawaitikia vizuri, wakaenda zao.

Saa za mchana Tumaini alitoka na karatasi zake za kuchorea, akaona vikombe vyote vimepangwa kwenye sinia.

"Mama, kuna wageni?"

"Hapana."

"Sasa unamngoja nani?"

Nilimwambia nawangoja watu waje kumgombeza. Alicheka sana, akadhani namtania, akajichukulia kipande cha mkate akaenda kukaa kwenye ngazi akachora. Mimi nilikaa pale na birika langu mpaka adhana ya alasiri, nikitazama njia.